Gari limekwaruzwa na nguzo ya geti: nilivyorekebisha rangi mwenyewe uani, na pale nilipoharibu

#1 Kinyumenyume

Wakuu, salaam. Uzi ni mrefu kidogo. Mwenye haraka apite, mwenye gari lenye mikwaruzo avute kiti.

Mwezi uliopita nilikuwa narudi nyuma nitoke getini, macho yote kwenye kioo cha kulia. Kumbe upande wa kushoto mlango wa nyuma unasalimiana na nguzo. Ule mlio mnaujua, unausikia mgongoni kabla haujafika masikioni. Nikashuka nikakuta alama ndefu kama mkono, kuanzia katikati ya mlango hadi kwenye madigadi, nyeupe pe kwa rangi ya nguzo. Gari lenyewe ni buluu iliyokoza. Fundi wa kwanza alilitazama kwa mbali, hata hakuinama, akasema upande mzima upigwe rangi upya. Bei aliyotaja ilinirudisha nyumbani kimya.

Ndiyo maana nimefungua uzi. Ile alama niliyoiona kama kidonda kimoja ilikuwa vitu vitatu tofauti, kila kimoja na dawa yake, na sehemu kubwa haikuhitaji rangi hata tone. Ningemsikiliza yule fundi ningelipia kufunikiwa kitu ambacho kitambaa kingekitoa.

Kabla hujanunua chochote, elewa unachokichezea. Chini kuna bati. Juu yake praima (rangi ya msingi) ya kuzuia kutu, kisha praima ya kujaza, kisha rangi yenyewe, na juu kabisa klia, ile isiyo na rangi inayoleta mng'ao. Kwa magari mengi ya kiwandani vyote pamoja ni kama maikroni 100 hadi 180, na klia peke yake ni kama 40 au 50. Unywele wa binadamu ni kama maikroni 70. Kwa hiyo klia yote unayotaka kuisugua ni nyembamba kuliko unywele. Hilo likae kichwani, maana mimi nililisahau Jumamosi ya pili na nitawaambia kilichonipata.

Kupima ni hivi. Osha, kausha, halafu mwagia maji juu ya mkwaruzo. Ukipotea ukiwa umelowa na kurudi ukikauka, upo kwenye klia tu. Halafu pitisha kucha kukatiza mkwaruzo. Kucha isipokwama, kompaundi, ile dawa ya kusugulia na kung'arisha rangi, inatosha. Ikikwama, kuna kazi. Ukiona kijivu ndani umefika kwenye praima. Ukiona chuma kinang'aa, usilale nacho kiporo, kutu inakuja. Kwenye bampa la plastiki huna haja ya kukimbizana, plastiki haioti kutu.

Jumamosi ya kwanza nilishughulika na ule weupe. Niliosha mlango kwa maji mengi na sabuni, maana chembe moja ya mchanga chini ya kitambaa inakuongezea mikwaruzo mipya. Nikafunga kitambaa laini kidoleni, nikachovya tapentaini kidogo, nikasugua sehemu ya ukubwa wa kiganja. Mwanzoni hakuna kitu. Mara weupe ukaanza kuhamia kwenye kitambaa, na buluu ikachungulia chini yake, nzima kabisa. Nikawa nabadilisha upande wa kitambaa kila mara ili nisirudishe uchafu. Ndani ya nusu saa ile alama ndefu kama mkono ikabaki mistari miembamba kama mtu amepitisha uma, na jeraha moja tu la kweli, urefu wa kidole cha shahada, bati likionekana. Angalizo: nimetumia tapentaini, siyo tina (thinner, ile ya kuzimulia rangi). Tina ni kali, na kama gari lilishawahi kupigwa rangi ya bei poa inaweza kuilamba yote. Jaribu kwanza pasipoonekana.

Ile mistari ya uma niliisugua kwa kompaundi kwa mkono. Mingi ikaisha. Iliyobaki nikasema nitumie msasa wa maji namba 2000, halafu 3000, halafu kompaundi tena. Njia ni sahihi, mkono ndio ulikuwa na tamaa. Mlango wangu una ule mkunjo wa bodi unaochomoza, unapita katikati ya eneo lenyewe. Kwenye mikunjo na kingo klia huwa nyembamba zaidi, na kidole kinakandamiza pale pale. Maji ya msasa yalikuwa meupe kama chokaa, nikaendelea. Nikageuka kuchukua ndoo, niliporudi nikasugua mara mbili tatu, maji yakawa ya buluu. Wakuu, maji yakiwa meupe unakata klia. Yakigeuka rangi ya gari, umeshafika usikotakiwa. Nina doa la ukubwa wa kucha ya dole gumba pale kwenye mkunjo, limepauka, haling'ai.

Lile jeraha la bati nililitibu kwa rangi ya kuchovya, ile ya kichupa kidogo chenye brashi. Namba ya rangi ipo kwenye kibandiko au kibati cha gari. Kwangu ipo kwenye nguzo ya mlango wa dereva, kwa wengine ipo chini ya boneti au ndani ya buti. Kwenye Toyota tafuta palipoandikwa C/TR, herufi au tarakimu zinazofuata C/TR ndizo rangi na vitambaa vya ndani, na rangi ndiyo inayotangulia. Usinunue kwa macho. "Nyeupe" ya Toyota tu, 040 ni nyeupe ya kawaida na 070 ni ya lulu, ukiipaka moja juu ya nyingine utajua hujui.

Brashi inayokuja ndani ya kichupa ni nene mno. Nilitumia kijiti cha meno. Nilisafisha jeraha kwa spiriti, nikaweka praima tone kwa tone, nikasubiri, kisha rangi nyembamba mara nne, kila mara naiacha ikauke. Rangi ikikauka inanywea, ndiyo maana tone moja kubwa linakauka na shimo katikati. Ukimaliza iwe imepanda kidogo juu ya usawa wa bodi. Niliiacha wiki nzima, kisha nikaisawazisha kwa msasa 2000 niliouzungushia kwenye kipande kidogo cha mpira mgumu, safari hii kwa adabu, kisha kompaundi.

Matokeo: jeraha naliona mimi ninayejua lilipo. Mke wangu hakuliona hadi nilipomwonyesha, na sijui kwa nini nilimwonyesha. Lakini lile doa la mkunjo analiona kila mtu. Mafundi mliomo humu, naomba msaada, doa lile nalifanyaje bila kupiga mlango mzima?

#2 Kapuku

Mkuu, tapentaini, kompaundi, msasa wa aina mbili, hiyo ndiyo bajeti ya chini? Mimi nilisikia dawa ya meno inafanya kazi, na yale mafuta ya kupuliza ya kulegeza nati. Nilipuliza mafuta jana na mkwaruzo umeondoka kabisa.

#3 Msasa wa Maji

> Kapuku alisema: Nilipuliza mafuta jana na mkwaruzo umeondoka kabisa.

Haujaondoka, umelowa. Ni yale yale maji ya kupimia aliyoeleza mwenye uzi, ila mafuta yanachelewa kukauka. Huko ni kufunika kombe mwanaharamu apite. Osha gari kwa sabuni kesho uniambie.

Dawa ya meno ina ukwaruzaji hafifu ndani yake, kwa hiyo kwa alama nyepesi sana, kama za kucha chini ya kitasa, inasaidia kidogo. Zaidi ya hapo unachosha mkono. Kopo dogo la kompaundi utalitumia miaka.

Na ubaya wa yale mafuta siyo kwamba hayasaidii tu. Siku ukitaka kupaka rangi hapo, mafuta yakibaki, rangi inakimbia na kuacha vishimo vya duara. Vilevile dawa za kung'arisha tairi zenye silikoni, usizipulizie karibu na kazi ya rangi. Nililia mwaka juzi kwa boneti zima kwa sababu jirani alikuwa anang'arisha tairi zake upande wa pili wa ukuta.

#4 Fundi Rangi Mstaafu

Mwenye uzi, kazi yako nimeisoma yote. Kwa mtu wa mara ya kwanza umejitahidi. Lile kosa la mkunjo hata wanafunzi wangu walilifanya, ndiyo maana nilikuwa nawaambia wabandike teipu ya karatasi juu ya mkunjo kabla ya kushika msasa, waitoe mwishoni na wapapitie mara moja tu kwa kompaundi. Teipu ya karatasi hata iliyotumika inafaa kwa hilo.

Sasa doa lako. Niambie kwanza: ukililowesha maji, buluu inarudi sawasawa au inabaki na kivuli?

#5 Kinyumenyume

Shikamoo fundi. Nimelilowesha sasa hivi, buluu inarudi sawasawa kabisa. Na rangi yenyewe ina chembechembe zinazometameta.

#6 Fundi Rangi Mstaafu

Marahaba. Basi una bahati. Rangi ipo, klia ndiyo imeisha. Usiiguse tena kwa msasa mkavu wala kompaundi, maana zile chembechembe za metali zimelala kwa mpangilio wake, ukizivuruga utapata doa jeusi au jeupe kutegemea mwanga unatoka wapi. Hapo ndipo rangi za metali zinapowaumbua watu wa makopo: namba ni ile ile, rangi ni ile ile, lakini chembe zimelala tofauti. Ukisimama mbele ya gari inafanana, ukisimama nyuma haifanani. Nyeupe ya kawaida au nyekundu isiyo na chembe inasamehe zaidi.

Wewe unahitaji klia tu. Njia ya kitaalamu ni kuikwaruza klia ya mlango wote kwa msasa laini na kupiga klia mpya hadi kwenye kingo za mlango, ili pasiwe na mahali inapoishia katikati. Njia ya bajeti, kwa sababu doa lipo kwenye mkunjo: acha mkunjo ufiche kiungo. Lainisha eneo la kiganja kuzunguka doa kwa msasa 2000 wa maji, kwa upole, usiliguse doa lenyewe isipokuwa kulipapasa. Safisha kwa spiriti. Funika kwingine kwa magazeti na teipu, lakini teipu ya pembeni ya kazi usiibandike bapa. Ikunje, ukingo wake usimame kidogo, ili mvuke wa klia ufifie wenyewe. Teipu bapa inakuachia ngazi ambayo utaisugua hadi utoboe tena.

Kopo la kupuliza klia litikise dakika mbili nzima baada ya kusikia kigololo kinagonga. Kama kuna baridi, lichovye kwenye maji ya vuguvugu, vuguvugu siyo moto, na usilisogeze karibu na jiko. Umbali sentimita 20 hadi 25. Anza kupuliza nje ya eneo, pita, maliza nje. Mkono wa kwanza, yaani tabaka la kwanza, uwe kama vumbi tu, unaona madoa madoa, na hutamani kuongeza. Usiongeze. Subiri dakika kumi. Mkono wa pili, subiri. Wa tatu ndio unaolowesha. Rangi ikitoa machozi usiifute kwa kidole, acha ikauke, utayakata kwa msasa baadaye. Fanya kivulini, bati likiwa la baridi ukiligusa. Siku yenye unyevu mwingi ahirisha, klia inaweza kuingia ukungu mweupe.

Waksi usiweke kwa mwezi mmoja. Rangi mpya inahitaji kupumua.

#7 Mama Wawili

Fundi, na mimi naomba. Gari langu juu ya paa na kwenye boneti klia inabanduka kama ngozi iliyoungua na jua, vipande vinapeperuka nikiendesha. Kompaundi itasaidia?

#8 Fundi Rangi Mstaafu

Hapana, dada yangu, na yeyote atakayekuambia itasaidia anataka hela yako ya siku moja. Jua limeshaiua klia, imeachia rangi iliyo chini. Huwezi kung'arisha kitu ambacho hakipo. Ukipiga klia juu ya ile inayobanduka, mpya itabanduka pamoja na ya zamani.

Kazi yake ni kusugua hadi ufike kwenye klia iliyoshika, kingo ziwe laini kiasi kwamba ukipitisha kidole macho yamefumba huhisi ngazi, kisha rangi, kisha klia mpya. Kwa paa na boneti kwa makopo ya kupuliza sikushauri, eneo ni kubwa, itatoka na mabaka. Ukitaka kuokoa hela, fanya usafi, kusugua na kufunika mwenyewe, halafu mpe fundi apulize tu. Kazi ya rangi nyingi ni maandalizi, na maandalizi ndiyo unayolipia saa nyingi. Mafundi wengine hawapendi kupokea kazi iliyoandaliwa na mwenye gari, kubaliana naye kabla hujashika msasa.

#9 Mpiga Spreya

Mbona hamsemi kuhusu klia ya hadena, ile unayochanganya na dawa ya kuigandisha? Ile ya kopo la kawaida ni laini, petroli ikidondoka inalainika. Mimi napiga ya hadena uani kwangu miaka sita, kitambaa puani, niko fiti.

#10 Fundi Rangi Mstaafu

> Mpiga Spreya alisema: kitambaa puani, niko fiti.

Kuhusu ugumu uko sahihi. Klia ya hadena inashinda ya kawaida kwa jua, kwa petroli na kwa mng'ao. Kwa kitambaa puani, hapana, na hapa siongei kwa upole.

Ndani ya hadena kuna kemikali inaitwa isosianeti. Haizuiliwi na kitambaa wala na barakoa ya vumbi, na huwezi kutegemea pua yako ikuonye. Mwili wa mtu unaweza kuivumilia miaka, kisha siku moja ukaikataa, na kuanzia hapo hata kiasi kidogo sana kinakubana kifua. Ni pumu ya kazini. Karakana zinazojali, mpulizaji anavaa barakoa inayoletewa hewa safi kwa mpira kutoka nje. Mimi nilistaafu mapema kuliko nilivyopanga, na sababu ndiyo hiyo hiyo.

Kama huna hewa ya nje, tumia klia ya kawaida ya kopo, mahali pa wazi, na barakoa yenye vichujio vya mkaa vya mvuke wa rangi, pamoja na glavu na miwani. Moto wowote uwe mbali, sigara ikiwemo. Kwa doa la Kinyumenyume, klia ya kawaida inatosha kabisa. Doa lenyewe halipo karibu na mfuniko wa petroli.

#11 Mpiga Spreya

Fundi nimekusoma. Pole sana. Nitaitafuta hiyo ya vichujio, na ya hadena nitampelekea mwenye chumba cha kupulizia rangi.

#12 Kapuku

Narudi kuripoti. Nimeosha gari kwa sabuni. Mkwaruzo umerudi na wenzake.

#13 Msasa wa Maji

😂 Karibu kwenye kompaundi. Halafu ukisugua kitambaa kikageuka rangi ya gari, usipagawe mara moja. Kama gari ni la zamani lenye rangi ya mkono mmoja, yaani halina klia kabisa, hiyo ni kawaida. Kama lina klia, simama hapo hapo.

#14 Lengelenge

Wakuu, langu lina vimbe chini ya mlango, kama malengelenge, rangi haijapasuka. Nikipaka rangi ya kuchovya juu yake je?

#15 Msasa wa Maji

Hayo malengelenge ni kutu inasukuma kutoka chini, na ukilipasua utakuta eneo kubwa kuliko unavyoliona. Toboa kwa bisibisi. Bisibisi ikizama ikatokea upande wa pili, hiyo ni kazi ya kuchomelea, siyo ya uzi huu.

Kama bati bado lipo, sugua hadi chuma king'ae, msasa 80 kisha 120. Vile vitundu vyeusi visivyotoka paka dawa ya kutu yenye asidi ya fosforiki, fuata maelezo ya kopo, osha kama limesema osha. Kisha praima ya epoksi. Pati, ule udongo wa kujazia mabonde, ije juu ya hapo kama kuna bonde, tena nyembamba, mimi sivuki milimita 3. Hadena ya pati ni kama asilimia 2 ya uzito. Watu wanazidisha ili ikauke haraka, kisha ile rangi ya hadena inachungulia juu ya rangi mpya wiki mbili baadaye. Na pati isuguliwe kavu. Inanyonya maji kama sifongo, ukiilowesha umefungia maji juu ya bati na kutu inaanza upya chini ya kazi yako nzuri.

Kosa kubwa la watu ni kuweka pati juu ya kutu. Kama unanunua gari, tembea na sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa, ipitishe chini ya milango na kwenye madigadi. Ikigoma kushika mahali kwenye bati la chuma, umeuziwa mbuzi kwenye gunia. Ila boneti za magari mengine ni za alumini, sumaku haitashika na hakuna aliyekosea.

#16 Bampa la Mbele

Swali la haraka: bampa la plastiki, limekwaruzika hadi weusi unaonekana. Praima ile ile?

#17 Fundi Rangi Mstaafu

Plastiki tupu inataka praima yake ya kushikisha kwanza, vinginevyo rangi itabanduka kama karatasi siku ya kuosha kwa presha. Nyuzinyuzi zilizosimama pembeni mwa mkwaruzo zikate kwa wembe, usizisugue, zinazidi kusimama. Na kama gari lako lina rada nyuma ya bampa, ile ya kupima umbali wa gari la mbele, usirundike pati na rangi mbele yake. Unene unaweza kuivuruga. Watengenezaji wengine wanakataza kabisa kurekebisha eneo hilo.

#18 Kinyumenyume

Wakuu nimerudi. Nimefuata ya fundi neno kwa neno, isipokuwa mkono wa pili nilikosa subira, nikapuliza baada ya dakika tano, na chozi moja likatoka chini ya mkunjo. Nimeliacha siku tano, nikalikata kwa kipande cha msasa 2000 nilichokibandika kwenye kijiti cha aiskrimu, teipu pande zote mbili za chozi ili nisiguse kwingine. Maji yalibaki meupe mwanzo hadi mwisho, niliyatazama kama mtu anayechemsha maziwa.

Doa limepotea mchana. Usiku, chini ya taa ya geti, ukiinama unaona duara hafifu pale klia mpya inapoishia. Kompaundi tena baada ya mwezi, au niliache?

#19 Fundi Rangi Mstaafu

Liache. Na ile nguzo ipake rangi ya buluu.